Namna ya kumpunguza paka mnene uzito bila kumshindisha njaa

Mimi kazi yangu ni ng'ombe. Nilisomea mifugo chuo cha Tengeru, na siku nyingi nazunguka vihambani, mashamba ya nyumbani kule juu ya Moshi, na buti za mvua, napiga sindano na kukagua viwele. Paka huwa nyongeza. Umemaliza ng'ombe, unanawa mikono, mwenye nyumba anakumbuka: "Daktari, na huyu naye hebu mwangalie."

Ndivyo nilivyokutana na Mheshimiwa kule Kibosho. Dume la rangi ya kijivu, lilihasiwa mjini kabla ya kuletwa kijijini, kilo 6.4. Jina alipewa na wajukuu kwa ajili ya kitambi. Bibi alidhani anaumwa miguu, kwa kuwa alikuwa hawezi tena kuruka juu ya pipa la pumba. Miguu ilikuwa mizima, mzigo ndio uliozidi. Tangu hapo nimeulizwa jambo hili mara nyingi, nikaona niliandike.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mafuta

Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Kisha jipapase mgongo wa kiganja chako, pale penye mifupa ya vidole. Mbavu za paka mwenye afya husikika hivyo hivyo. Zikisikika kama upande wa ndani wa kiganja, umbo lipo lakini mfupa umezama, huyo amezidi. Mtazame pia kutoka juu akiwa amesimama: anatakiwa awe na kiuno. Ngozi inayoning'inia kidogo chini ya tumbo isikutishe, paka wengi wanayo hata wakiwa wembamba.

Tumbo kubwa lenye uti wa mgongo uliochomoza si unene. Hiyo inaweza kuwa minyoo au maji tumboni, na kwa jike inaweza kuwa mimba. Anayekunywa maji mengi na kukojoa sana apimwe sukari kwanza, maana paka wanene hupata kisukari kama sisi. Mtoto, mwenye mimba na anayenyonyesha hawapunguzwi chakula.

Hatua ya 2: Mpime

Njia ya kupanda mizani umembeba, kisha peke yako, ukatoa, inafaa kwa kuanzia tu. Paka anayepungua vizuri hupoteza gramu 30 hadi 60 kwa wiki, na mizani ya bafuni inaruka gramu 100 kwa 100. Mimi natumia mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi, inayosoma gramu 10. Muweke ndani ya kikapu cha ukindu, funika kwa kanga, ning'iniza, kisha toa uzito wa kikapu na kanga. Akina mama waliowahi kupeleka watoto kliniki wataelewa mara moja.

Hatua ya 3: Andika kila kinachoingia mdomoni

Siku tatu, nyumba nzima, bila kuficha. Bibi aliniapia kwamba Mheshimiwa anakula ugali kidogo na dagaa, basi. Nikakaa hadi saa ya kukamua jioni. Paka akaja mwenyewe, akaketi kando ya ndoo kama mtu mwenye miadi, akamiminiwa nusu kikombe cha maziwa ya moto kutoka kiweleni. Asubuhi vivyo hivyo.

Sasa piga hesabu. Maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta yana kalori kama 60 na kitu kwa mililita 100. Nusu kikombe ni mililita 125, karibu kalori 80. Mara mbili kwa siku ni 160. Utaona hatua inayofuata kwamba hicho ni karibu chakula chake chote cha siku, na hapo hajagusa ugali. Maziwa nayasimamisha bila majadiliano. Paka wengi wakishakua hata hawayasagi vizuri, yanawaharisha. Anachohitaji kunywa ni maji.

Kalori ninazosema hapa ni zile ambazo mifuko ya chakula huziandika kcal.

Hatua ya 4: Tafuta kiasi cha siku

Amua uzito unaoutaka. Paka wetu wa kawaida wengi wako vizuri kati ya kilo 3.5 na 5. Mheshimiwa nilimpangia 4.5. Chukua simu yako, kikokotoo cha kawaida kinatosha ilimradi kina alama ya kipeuo cha pili (√). Zidisha 4.5 kwa 4.5 kwa 4.5, bonyeza kipeuo cha pili mara mbili, zidisha kwa 70. Unapata kama 216. Hiyo ndiyo nishati ya kumweka hai akiwa ametulia kwa uzito huo. Zidisha kwa 0.8, inakuwa 173. Hizo ndizo kalori zake za siku.

Usishuke chini ya hapo kwa akili yako mwenyewe, ila kwa utaratibu wa Hatua ya 7. Na kama alikuwa anakula mara mbili ya hapo, shuka taratibu ndani ya wiki mbili.

Hatua ya 5: Badilisha chakula

Hapa soma polepole.

Zamani, nikiwa nimepanga Pasua, mtaa wa Moshi mjini, nilikuwa na jike langu mwenyewe nene, limezoea ugali uliolowekwa kwenye mchuzi. Nikanunua mfuko wa chakula kikavu, nikamwaga ugali, nikaweka bakuli jipya. Akanusa, akaondoka. Nikasema njaa itamfundisha, akiona hakuna kingine atakula tu. Ndivyo tunavyosema kuhusu mbwa, na kwa mbwa mara nyingi ni kweli. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alikuwa anadondosha mate na kujificha chini ya kitanda. Siku ya nne nikamgeuza sikio, ndani likawa la manjano.

Paka si mbwa. Paka mnene akiacha kula, mwili unayakimbiza mafuta yake kwenda kwenye ini kwa wingi, na ini la paka haliwezi kuyashughulikia kwa kasi hiyo. Linajaa mafuta, linashindwa kazi. Siku mbili tatu za kutokula zinaweza kutosha kuanzisha hilo, na kadiri alivyo mnene ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Dawa yake kubwa ni chakula chenyewe, kwa lazima. Nilimlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana, wiki tatu. Alipona. Wasiolishwa hivyo wengi hawaponi. Mimi niliyesomea mifugo ndiye niliyefanya kosa hilo, kwa hiyo usinambie wewe mjanja.

Kwa hiyo hivi:

Siku tatu za kwanza, robo moja chakula kipya, robo tatu cha zamani. Siku tatu zinazofuata, nusu kwa nusu. Siku tatu nyingine, robo tatu kipya. Siku ya kumi, kipya chote. Akigoma hatua yoyote, rudi hatua ya nyuma, kaa hapo hata wiki. Hakuna anayekukimbiza.

Hakikisha kwa macho yako kwamba amekula. Bakuli tupu si ushahidi, kuku wapo, mbwa yupo. Saa 24 bila kula chochote, mrudishie chakula chake cha zamani, hata kama ni kile kinachomnenepesha. Akikataa na hicho, mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Macho, fizi au ndani ya masikio yakiwa na umanjano, usisubiri asubuhi.

Chakula kipya kikavu anachokikataa, kilowanishe kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshiwa dagaa wawili watatu. Bila chumvi, bila kitunguu cha aina yoyote, maji wala thomu. Vitunguu huharibu damu ya paka hata vikiwa vimepikwa, ndiyo maana mchuzi wa nyumbani siupendi hata tone.

Chakula gani basi? Msimamo wangu ni huu: msingi uwe chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya paka, chenye protini nyingi, na ukipata cha kupunguza uzito ni bora zaidi. Najua ni ghali, na najua bibi zetu wamefuga paka miaka yote kwa ugali. Lakini ukipunguza ugali na mchuzi tu, unapunguza na protini kidogo iliyokuwemo, na paka anaanza kula misuli yake badala ya mafuta. Nyama tupu nayo haina kalsiamu ya kutosha. Maini kila siku yanamjaza vitamini A mpaka mifupa inaharibika.

Dagaa ni vizuri, ila kwa kipimo. Wa Mheshimiwa tuliwanunua soko la Mbuyuni, tukawaosha mchanga na chumvi, tukawachemsha. Dagaa wakavu wana kalori karibu 300 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 5 au 6 kwa siku ndiyo moja ya kumi ya posho yake. Usivuke hapo. Kilichobaki, kama kalori 156, kilitoka kwenye mfuko ulioandikwa 370 kwa gramu 100: gramu 42.

Gramu 42 pima kwa mizani ya jikoni. Usiniletee habari za kikombe. Tulijaribu kikombe wiki ya kwanza, binti wa nyumbani alijaza 42, mjukuu alijaza 60, kikombe kile kile. Sasa bibi anapima mara moja asubuhi, anaweka kwenye kopo lenye mfuniko, na siku nzima watu wote wanachota humo, milo minne midogo. Kopo likiisha, limeisha. Hiyo ndiyo iliyomaliza ugomvi wa nani amelisha na nani hajalisha.

Jirani wa ng'ambo ya mfereji alikuwa anampa vichwa vya samaki. Bibi alikwenda mwenyewe na ndizi mbivu kuzungumza naye.

Hatua ya 6: Achezeshwe

Kamba, dakika tano, mara mbili kwa siku. Akikamata panya mwache ale, mmoja mdogo ni kalori kama 30 na amezifanyia kazi.

Hatua ya 7: Pima kila wiki mbili

Siku ile ile, kabla hajala. Nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito kwa wiki ndiyo mwendo ninaoutaka. Ikizidi asilimia mbili, ongeza chakula. Isiposhuka mwezi mzima, kwanza tafuta nani anamlisha kwa siri, kisha ndipo upunguze sehemu moja ya kumi.

Mheshimiwa yuko mwezi wa saba tangu tuanze, kilo 5.1. Akifika 4.5 tutamwongezea gramu mbili tatu kila wiki hadi mizani isimame. Kwenye pipa la pumba amesharudi, ila saa ya kukamua bado anakuja, anakaa kando ya ndoo, na bibi anageuza uso pembeni.