ESP32 imekataa programu baada ya kusasisha Arduino IDE? Anza na toleo la kifurushi

Dalili ni hizi: kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga kilikuwa kinafanya kazi, ukakubali kusasisha Arduino IDE (programu ya kuandikia na kupakia msimbo), na sasa msimbo uleule unajaa makosa mekundu. Bodi ya ESP32, kompyuta ndogo inayoendesha mashine, haijaungua. Usikimbilie soko la Mwanjelwa kununua nyingine.

1. Chomoa hita. Mayai yahamie kwenye mashine nyingine. Wakati wa kupakia msimbo, pini za ESP32 huelea (haziamuru kuwaka wala kuzima), na MOSFET (swichi ya kielektroniki ya hita) isiyo na rezista ya 10k kati ya geti na ardhi inaweza kuwasha hita yenyewe. Kama rezista hiyo haipo, ilehemu leo.

2. Hakikisha poti inaonekana. Waya wa kuchajia simu tu hauna nyuzi za data, tupa kando. Kwenye Ubuntu 22.04, poti ya chipu ya CH340 (inayounganisha bodi na USB) ikionekana kisha ikapotea, imenyakuliwa na brltty, programu inayohudumia vifaa vya nukta nundu. Kama hakuna anayeitumia: `sudo apt remove brltty`, halafu chomeka upya.

3. Soma kosa la kwanza, si la mwisho. Ukikuta `'ledcSetup' was not declared in this scope`, kifurushi cha bodi za esp32 (faili zinazoiwezesha IDE kuitambua bodi) kimehama kutoka 2.x kwenda 3.x. Toleo 3.0 lilitoka 2024 na likaondoa amri kadhaa za zamani. IDE yenyewe haina kosa, kwa hiyo kuifuta na kuiweka upya ni kumaliza bando bure.

Mashine ikiwa na kazi wiki hii, rudi nyuma: Boards Manager, tafuta esp32, chagua 2.0.17, sakinisha. Ukiwa na muda, rekebisha msimbo. Amri za ledc ndizo zinazopima nguvu inayokwenda kwenye hita. Zamani uliandika:

`ledcSetup(0, 5000, 8);`
`ledcAttachPin(25, 0);`
`ledcWrite(0, 128);`

Sasa ni:

`ledcAttach(25, 5000, 8);`
`ledcWrite(25, 128);`

Mtego uko kwenye mstari wa mwisho. Zamani namba ya kwanza ya `ledcWrite` ilikuwa chaneli. Sasa ni pini. Ukibadilisha mistari ya juu ukaiacha `ledcWrite(0, 128)`, msimbo unakompaili safi, unapakiwa safi, kioo kinaonyesha joto kama kawaida, na hita haiwaki kamwe. Usiku wa Juni hapa Mbeya, mayai yanayotakiwa kukaa nyuzi 37.5 yatakuwa yamepoa kabla hujaamka. Tafuta kila `ledcWrite` kwenye faili zote, pamoja na ile ya feni. Kisha jaribu kwa balbu ndogo ya volti 12 mahali pa hita: 0 izime, 128 iwake hafifu, 255 iwake kwa nguvu.

Taima nayo imebadilika. `timerBegin(0, 80, true)` inakuwa `timerBegin(1000000)`: unataja masafa badala ya kigawanyo. `timerAttachInterrupt` inapoteza `true` ya mwisho. `timerAlarmWrite` na `timerAlarmEnable` zimeunganishwa kuwa `timerAlarm(taima, 1000000, true, 0)`, na sufuri hiyo ina maana ya kurudia bila kikomo. Maktaba ya servo ya kugeuzia mayai isasishwe pia, maana za zamani zinaita amri zilezile zilizofutwa.

4. Pakia. Ikigoma kwenye `Connecting....`, shikilia kitufe cha BOOT hadi uandishi uanze. Ukichoka kukishika kila mara, weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini za EN (ya kuwasha upya bodi) na GND (ardhi), hasi ikielekea GND.

5. Funga toleo. Kwa mashine za kazi, arduino-cli (Arduino inayoendeshwa kwa amri za maandishi) ni bora kuliko IDE kwa sababu haikuombi kusasisha katikati ya kazi:

`arduino-cli core install esp32:esp32@2.0.17`

Kama ulirekebisha msimbo, weka namba ya toleo lako la 3.x badala ya 2.0.17. Andika namba hiyo juu ya msimbo kama maoni. Kwenye Windows, nakili folda ya Arduino15 iliyo ndani ya AppData\Local uiweke kwenye fleshi. Kompyuta nyingine ya Windows itaitumia bila kupakua upya mamia ya megabaiti, ila funga IDE kabla ya kunakili.