Kabla ya Mtoano wa Ligi ya Gemu za Shule

Msimu wa kawaida husamehe. Timu ikipoteza mechi wiki hii kwa sababu stima ilipotea au pedi ya kuchezea gemu ilikwama, ina wiki ijayo ya kujirekebisha. Mtoano hausamehi: anayefungwa anapanda basi kurudi kwao. Ndiyo maana mwalimu mlezi anayeandaa hatua hii, awe Kisumu, Kakamega au Nakuru, anapaswa kuyamaliza mabishano kwenye karatasi kabla mwanafunzi hajashika pedi. Nachukulia ligi ya shule nane zinazocheza EA Sports FC, ule mchezo uliokuwa ukiitwa FIFA hadi FIFA 23, kwa kuwa mpira hauhitaji kufafanuliwa kwa mzazi wala kwa mwalimu mkuu.

Anza na msimamo wa ligi. Timu zikilingana pointi, nani yuko juu? Jibu liwe limeandikwa tangu wiki ya kwanza: yaangaliwe matokeo ya hao wawili walipokutana, kisha tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Zikilingana tatu, tengeneza jedwali dogo la mechi zao wenyewe. Ukingoja hadi timu zilingane ndipo utafute kanuni, yoyote utakayoichagua itakuwa na shule inayonufaika nayo, na wengine wataliona hilo papo hapo.

Ratiba ya mtoano nayo ipangwe kwa nafasi, si kwa kuokota vikaratasi. Upande mmoja, wa kwanza akutane na wa nane, na wa nne na wa tano. Upande wa pili, wa pili na wa saba, na wa tatu na wa sita. Hivyo timu mbili bora haziwezi kukutana kabla ya fainali. Kura husisimua ukumbi, lakini inafuta jasho la msimu mzima, na mimi sioni haki yoyote ndani yake. Zikifuzu sita badala ya nane, mbili za juu zipite moja kwa moja hadi nusu fainali.

Sasa hesabu muda, kwa sababu hapa ndipo ratiba nyingi huvunjikia. Mtoano wa timu nane ambapo ukifungwa umetoka una michuano 7. Ule wa kutoka baada ya kufungwa mara mbili una 14, au 15 fainali ikirudiwa. Kila mchuano ukiwa wa mechi tatu, mshindi akiwa wa kwanza kushinda mbili, na kila kipindi kikiwa dakika 6, mechi ni dakika 12 za kucheza. Ongeza kuchagua timu, mapumziko na kubadilisha wachezaji, utenge saa nzima kwa kila mchuano. Kwa televisheni mbili, robo fainali zinakula saa mbili, nusu fainali saa moja, fainali na mechi ya mshindi wa tatu saa moja nyingine. Ukianza saa mbili asubuhi na kuacha nafasi ya kupumua, unamaliza kama saa saba mchana. Ukitaka mtindo wa kufungwa mara mbili kwa vifaa hivyohivyo, siku haitoshi. Bora mtoano wa kawaida wenye mechi tatu: unampa anayeteleza mechi moja nafasi ya kujikomboa, na watoto wanafika nyumbani jua likiwaka.

Tena Kisumu asubuhi ina faida yake. Mvua ya radi kandokando ya ziwa mara nyingi huja alasiri na jioni, na radi ikianza, stima huanza kucheza. Fuatilia mapema matangazo ya Kenya Power kuhusu maeneo yatakayozimiwa stima siku hiyo. Jenereta iwepo, imejaribiwa ikiwa na mzigo kamili, na vifaa vipitie kwenye stabilaiza, kile kifaa cha kuzuia stima isipande na kushuka.

Hata hivyo stima inaweza kukatika katikati ya mechi, na hapo kanuni ndiyo itakayokuokoa. Tuseme imekatika dakika ya 70, matokeo ni 2–1. Mashine haitakurudishia mechi hiyo. Kinachowezekana ni kuanzisha mechi mpya kwa timu zilezile, kuicheza hadi saa ya mchezo ionyeshe dakika 20, kisha kujumlisha mabao na yale ya mwanzo. Hili linawezekana tu kama refa alikuwa na kalamu, akiandika kila bao na dakika yake. Refa asiyeandika hana cha kusimamia taa zikizimika. Aandike pia kadi nyekundu, kwa sababu kwenye mechi mpya aliyetolewa atarudi uwanjani. Kubalianeni mapema mtafanya nini.

Vifaa: sasisha mashine zote siku mbili kabla, ziwe na toleo moja, kisha zitoe kwenye intaneti ili zisianze kupakua chochote asubuhi ya mechi. Televisheni ziwe za aina moja na ziwekwe kwenye modi ya gemu, la sivyo picha huchelewa na mchezaji anabonyeza shuti wakati beki ameshafika. Pedi za akiba ziwepo.

Marekani, ambako shirikisho la vyama vya michezo vya sekondari lilianza kushirikiana na PlayVS, kampuni inayoendesha ligi za gemu za shule, mwaka 2018, timu hucheza kupitia intaneti kila moja ikiwa shuleni kwake. Sisi kukusanyika ukumbi mmoja ni salama zaidi kwa mtandao wetu, lakini kunaleta suala la barabara. Kakamega ni kama kilomita 50 kutoka Kisumu. Busia ni zaidi ya 100. Shule ya Busia isipangiwe robo fainali ya saa mbili. Ipe ya saa tatu, bila kubadilisha mpinzani wake. Andika pia mchelewaji atasubiriwa dakika ngapi kabla mwenzake hajapewa ushindi.

Orodha ya wachezaji ifungwe kabla ya robo fainali, na asiingizwe mtu ambaye hakucheza msimu. Barua za ruhusa za wazazi zikusanywe wakati huohuo, zikitaja waziwazi picha na matangazo ya moja kwa moja, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto.

Rufaa zipokelewe na walimu watatu ambao shule zao hazimo kwenye mchuano husika, na uamuzi utolewe kabla mchuano unaofuata haujaanza. Na mkipata televisheni ya tatu, iwasheni kwa ajili ya walioondolewa saa tatu asubuhi. Wana saa nne za kungoja basi, na wamekuja kucheza.