Kukodi katamarani na mabaharia wake: Unguja hadi Pemba kwa siku sita

Katamarani, chombo cha matanga chenye miili miwili, ya futi 45 huwa na vyumba vinne, yaani wageni wanane, pamoja na nahodha, mpishi na pengine baharia mmoja. Hamtashika usukani, lakini yapo mambo ya kuamua mkiwa bado nchi kavu, na safari nyingi huharibikia hapo.

Anzeni na upepo, visiwa vifuate. Kusi inapovuma, Juni hadi Septemba, upepo na mkondo vyote vinasukuma kuelekea kaskazini. Kwenda Pemba ni raha. Kurudi ni kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, siku nzima, mawimbi yakipiga chini ya sakafu kati ya miili miwili ya chombo hadi vikombe vinaruka. Msimu huo ombeni safari ya upande mmoja, mshukie bandari ya Mkoani, Pemba, mrudi kwa meli. Mwenye chombo atadai gharama ya kukirudisha, nayo ni halali. Kaskazi, Desemba hadi mapema Machi, mambo hugeuka: ugumu huwa wa kwenda, kurudi kukawa kwepesi. Masika ya Aprili na Mei yaacheni yapite.

Kisha angalieni mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja na Pemba hupanda na kushuka karibu mita nne, na kupwa kwa asubuhi huangukia yapata saa nne. Wageni wanaotaka kuogelea baada ya chai hukuta matumbawe yamechungulia juu na kidau cha kushushia watu hakifiki ufukweni. Wenye watoto wadogo wachague maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo.

Kutoka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, hadi kisiwa kidogo cha Misali, magharibi ya Pemba, ni kama maili 34 za baharini. Kwa mwendo wa noti sita, yaani maili sita za baharini kwa saa, ni saa sita kasoro: mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi, mnafika adhuhuri. Nahodha akikataa kuondoka mchana, msimlazimishe. Miamba huonekana kwa rangi ya maji, hudhurungi pale penye kina kifupi na buluu nzito penye kilindi, na rangi hizo zinahitaji jua lililo juu. Jua likilala mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, bahari yote inang'aa kama bati na mwamba hauonekani.

Kutia nanga pia kuna hesabu ambayo mgeni anaweza kuiuliza bila kumkosea nahodha adabu. Tuseme kipimo cha kina kinasoma mita tano wakati maji yamekupwa. Kwa bamvua, usiku yatakuwa mita tisa. Ongeza mita moja na nusu kutoka maji hadi omo, zidisha kwa tano, maana mnyororo huwa mara tano ya kimo hicho: mita 52. Ukitolewa wa mita 25 kwa kufuata kile kina cha kwanza, maji yakijaa nanga itang'oka mmelala. Na itiwe penye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe.

Mkataba uandike wazi nani analipa mafuta, vinywaji, ada za hifadhi za visiwa vya Mnemba na Misali, na bakshishi. Ulizeni pia tangi la maji. Lita 700 kwa watu kumi na mmoja kwa siku sita ni lita kumi na ushei kwa mtu kwa siku, kuoga na kupika humo humo. Kama hakuna mashine ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, pangeni kituo cha kujaza Mkoani.

Mizigo iwe mabegi laini. Sanduku gumu halina pa kuwekwa. Dawa ya kichefuchefu inywewe saa moja kabla ya kuondoka, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni. Choo kina bomba jembamba: karatasi haitupwi humo, la sivyo baharia atalifungua kwa mikono yake.

Siku ya mwisho msiipangie kitu. Tiketi ya ndege iwe ya kesho yake, ili nahodha asisukumwe kuvuka bahari kati ya Pemba na Unguja katika upepo ambao peke yake asingeuthubutu.