Rimoti Ipi kwa Kazi Ipi: Pima Kwanza Ndipo Ununue

Hela ya korosho ikishaingia, hapa Mtwara mjini watu wananunua TV, sabufa na feni za dari, na wengine wanafunga mashine ya geti. Haupiti muda mrefu wanaanza kuja na rimoti mkononi: "Fundi, hii imekufa." Nyingi hazijafa. Mwingine kanunua aina isiyoendana na kazi yake, mwingine anataka rimoti mpya wakati shida ni betri. Kabla hujatoa hela, fanya hivi.

Hatua ya 1: Jua rimoti yako inatumia nini

Fungua kamera ya simu, elekeza pua ya rimoti kwenye lenzi, kisha bonyeza kitufe huku ukiangalia kioo cha simu. Ukiona kitaa kinameta, cheupe au cha zambarau, hiyo ni infraredi, yaani mwanga ambao jicho halioni. Tumia kamera ya mbele, maana kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia mwanga huo. Anza na rimoti unayojua ni nzima, usije ukailaumu rimoti kumbe simu ndiyo haioni.

Kisipometa, fungua mfuniko wa betri. Betri fupi iliyoandikwa 23A, ya volti 12, au kibandiko chenye namba 433, ni dalili ya mawimbi ya redio. Kukiwa na kitundu cha maikrofoni cha kuongea na TV, hiyo kwa kawaida ni Bluetooth. Hapo kuna mtego: rimoti nyingi za Bluetooth zina infraredi pia, ila ya vitufe vichache tu, kama cha kuwashia. Jaribu vitufe viwili vitatu kabla ya kukata shauri.

Hatua ya 2: Infraredi iwe ya vitu unavyoviona

TV, king'amuzi, sabufa, AC: hapa infraredi inatosha na ndiyo rahisi kuipata dukani. Mwanga wake ni wa nanomita 940 hivi, jicho haliuoni, na kwa kawaida humeta mara 38,000 kwa sekunde. Kipokezi ndani ya TV kinasubiri mapigo ya kasi hiyo, ndiyo maana balbu ya sebuleni haibadilishi chaneli. Jua ni habari nyingine. Rimoti ikikubali asubuhi na kugoma jioni, angalia kama mlango wa magharibi unamwaga jua kwenye kioo cha TV. Vuta pazia, jaribu tena.

Inafika mita 8 hadi 10 na haipenyi ukuta. Wengi wanauona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo sifa yake, kwa sababu jirani hawezi kukuzimia TV akiwa kwake. Wenye vibanda umiza ndio wana kazi. Kijana mwenye simu yenye infraredi, kama baadhi ya Xiaomi, anaweza kuzima TV katikati ya Simba na Yanga na kubaki anaangalia dari. Dawa yake ni kipande cha foili ya jikoni juu ya kipokezi, kibandike kwa tepu.

AC ina tabia yake. Kila ukibonyeza, rimoti hutuma mpangilio mzima: joto, kasi ya feni, hali ya kupoza. AC haijibu kitu. Ukibonyeza ukiwa umeipa mgongo, kioo cha rimoti kitasoma 22 na mashine itabaki kwenye 27. Simama mbele yake mpaka usikie inalia. (Wa Newala ruka aya hii, baridi mnayo ya bure.)

Hatua ya 3: Redio iwe ya geti, lakini uliza swali moja

Geti unalifungua ukiwa ndani ya gari au nyuma ya ukuta, kwa hiyo unahitaji redio, kwa kawaida ya megahezi 433. Mawimbi haya yanapenya matofali vizuri. Bati na nondo ndizo zinazoyasumbua. Ukiona umbali umepungua, toa antena ya kipokezi nyuma ya geti la bati uipandishe juu ya nguzo.

Swali la kumuuliza muuzaji: namba ya siri ambayo rimoti hutuma kwa geti inabadilika au haibadiliki? Rimoti za bei rahisi hutuma namba ileile kila siku, na kifaa kidogo cha kunakili kinaichukua kwa kubonyeza mara moja. Zile za zamani zenye swichi 8 ndogo ndani, kila moja juu au chini, zina michanganyiko 256 tu. Rimoti ya namba inayobadilika hutuma namba mpya kila ukibonyeza, na geti huikataa ile ya jana. Kwa feni ya dari au taa ya uani sikushauri kulipia ziada. Kwa geti, lipia. Ila usimpe mtoto aichezee: ikibonyezwa mno mbali na nyumba, namba zinapishana na itabidi uifundishe upya, yaani uitambulishe tena kwa mashine ya geti.

Hatua ya 4: Bluetooth na Wi-Fi

Bluetooth lazima iunganishwe na TV kwanza, hivyo rimoti uliyopewa na rafiki haitafanya kitu mpaka uiunganishe. Swichi za Wi-Fi nyingi zinashika gigahezi 2.4 pekee, na umeme ukikatika ruta nayo inalala. Usiache nyumba bila swichi ya ukutani. Zigbee, aina nyingine ya mawimbi ya redio ya vifaa vya nyumbani, inatumia betri kidogo sana, lakini inataka kituo chake. Kwa taa mbili tatu ni gharama ya bure.

Hatua ya 5: Pambana na chumvi

Shangani na Mikindani, upepo wa bahari unakula vyuma. Ukiona ukungu wa kijani kwenye springi za betri, toa betri, sugua kwa mswaki mkuukuu na spiriti, acha pakauke. Betri ya volti 1.5 ikisoma chini ya 1.2 kwenye mita ya kupimia volti, badilisha zote kwa pamoja.

Hatua ya 6: Rimoti ya geti ikipotea

Usinunue nyingine ukaishia hapo, kwa sababu iliyopotea bado inafungua. Fungua boksi la mashine, tafuta kitufe cha kufundishia. Kwenye mashine nyingi ukikishikilia kwa sekunde kadhaa, taa inabadilika na rimoti zote zinafutika. Hakikisha kwenye kitabu chake. Kisha fundisha moja moja zilizobaki, na ujaribu kila moja geti likiwa limefungwa.