Mchubuko wa garaji: namna ya kuuosha usitunge usaha

Spana imeteleza, ngozi ya kifundo cha kidole imebaki kwenye boliti, fundi anapangusa damu kwa kitambaa cha mazutu (dizeli) na kurudi chini ya gari. Siku ya tatu kidole kinapwita. Hapa Goma garaji nyingi ziko wazi, juu ya vumbi jeusi la volkano, kwa hiyo uchafu huingia kwenye jeraha palepale.

1. Damu. Vua pete kabla kidole hakijavimba. Bana kwa kompresi (shashi) safi dakika 10, bila kuchungulia.

2. Grisi. Paka mafuta ya kula kidogo kwenye ngozi inayozunguka jeraha, si ndani yake, kisha futa ukielekea nje. Malizia kwa sabuni ya kipande. Esansi (petroli) na mazutu huunguza nyama na kukausha ngozi. Ngozi ikipasuka, vijidudu vimepata mlango mwingine.

3. Maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanamwagia kikombe kimoja na kuhesabu kwamba wameosha. Kinachosafisha jeraha ni wingi wa maji pamoja na msukumo wake. Kadiria mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya mkato. Mkato wa sentimita 3 uliojaa mchanga unataka karibu mililita 300, na ukizidisha hakuna kinachoharibika. Toboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa sindano iliyopashwa moto, tundu moja tu, kisha minya chupa ili maji yaruke kama uzi.

Maji gani? Yale unayoweza kuyanywa. Ya ziwa hayafai yakitoka moja kwa moja kwenye bido (jerikeni). Hata yakishatiwa klori pale ufukweni, ngoja dakika 30. Ya kuchemsha, yaache yatokote dakika moja kamili, kisha yapoe kwenye chombo chenye kifuniko. Kipande cha chuma kinachoonekana juu juu kitoe kwa kibanio kilichochemshwa. Kilichozama usikichokoe, kazi hiyo ni ya muuguzi.

Maji ya javeli ni ya sakafu. Spiriti ndani ya jeraha huua hata nyama inayojaribu kupona; kuwasha si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Wala usipasue kapsuli ya antibiotiki na kunyunyiza unga wake: unatengeneza gamba, na usaha unabaki chini.

4. Kufunika. Betadine ya chupa ya njano ndiyo ya kupaka. Ile nyekundu ni ya kuoshea, lazima isuuzwe. Weka kompresi na sparadra (plasta), badilisha kila siku au mara tu inapolowa. Tepu nyeusi ya umeme hufungia jasho, na supaglu hufungia uchafu ndani. Ukirudi kazini, vaa glavu ya nitrili juu ya bandeji. Ya mpira wa kawaida huoza kwa mafuta.

5. Tetanosi (pepopunda). Kutu inasingiziwa bure: mbegu za ugonjwa huu hukaa udongoni. Kama jeraha ni chafu na chanjo ya mwisho imepita miaka 5, nenda ukachanjwe. Asiyekumbuka kama aliwahi kumaliza chanjo aseme hivyo kituoni, huenda akahitaji na seramu (sindano ya kinga iliyo tayari).

6. Usingoje. Wekundu unaosambaa, usaha, homa au mstari mwekundu unaopanda mkononi: kituo cha afya siku hiyohiyo. Jeraha la kung'atwa au meno ya mtu, pia siku hiyohiyo. Na kama bomba la grisi au injekta ya dizeli imekurushia kidoleni, kimbia hospitali yenye daktari wa upasuaji, hata ukiona kitundu kama cha sindano na huumwi sana. Mafuta yameshapenya hadi kwenye mishipa ya kano, na kidole chaweza kukatwa. Hapo chupa yenye tundu haina kazi.