Kuchoma vyungu kwa mvuke wa magadi, hatua kwa hatua

Katika uchomaji huu chombo hakipakwi gileizi, yaani ngozi ya kioo, kwa nje. Moto ndio unaoileta. Magadi, yaani kaboneti ya sodiamu, hunyunyizwa ndani ya tanuri likiwa limeiva. Joto huyageuza mvuke, na sodiamu inashikana na silika na alumina, madini yaliyomo ndani ya udongo wenyewe, hadi chombo kinavaa kioo. Wafinyanzi wa Ujerumani walifanya hivyo kwa chumvi karne nyingi zilizopita. Ila mvuke wa chumvi husambaa karibu kila mahali, na magadi ni mazito: yanafuata njia ya moto na kutua pale yanapogonga kwanza. Kwa hiyo kikombe kimoja hutoka upande huu unang'aa, upande ule mkavu wenye rangi ya kutu. Hilo ndilo lililoniteka tangu mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya ufinyanzi.

Tumia tanuri la gesi au la kuni. La umeme usilijaribu kabisa, maana mvuke utakula nyaya na matofali yake.

1. Andaa vyombo. Chagua udongo unaostahimili nyuzi 1,280 za Selsiasi. Wenye chuma kingi hutoka wa kahawia iliyokolea. Mimi napenda mweupe. Choma mara ya kwanza hadi nyuzi 1,000 hivi. Kisha paka gileizi ndani, kwa sababu mvuke hauzami vizuri kwenye chombo chenye kina. Nje acha patupu, au chovya kwenye uji mwepesi wa kaolini, yaani udongo mweupe laini. Katika majaribio yangu, uji huo ndio ulionipa rangi ya chungwa niliyokuwa naitafuta.

2. Bandika vidonge. Changanya alumina na kaolini kwa ujazo sawa, tia maji kidogo, finyanga vidonge vya ukubwa wa gololi. Bandika vitatu chini ya kila chombo kwa gundi nyeupe. Magadi hayaigeuzi alumina kioo kwa urahisi, basi kidonge kinabanduka baadaye. Weka vingine kati ya mfuniko na mdomo wa chombo. Mimi niliruka hatua hiyo kwenye birika moja, nikidhani mfuniko umekaa vizuri. Hadi leo haujafunguka. Rafu nazo zipake mchanganyiko huohuo ukiwa mwepesi kama maziwa.

3. Panga tanuri. Hapa usiwe na haraka. Kabla sijaweka chombo najiuliza moto utaingilia wapi na utatokea wapi kuelekea dohani. Chombo kilicho mbele ya moto kitapata kioo kinene, na kile kilicho nyuma yake kitabeba kivuli chake. Niliwahi kuweka bakuli pana mbele ya chupa nyembamba, na ukingo wa bakuli ukaonekana kwenye ubavu wa chupa kama mstari uliochorwa kwa brashi. Tangu siku hiyo sipangi tena ili vyombo vienee tu. Napanga nikijua kila kimoja kinamchora jirani yake. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati yao. Vikibanana, vya katikati vitatoka vikavu.

Karibu na tundu la kuchungulia simamisha pete nne au tano za udongo uleule, zenye tundu la kupitisha fimbo ya chuma; utazichomoa baadaye kupima kioo.

4. Pandisha joto. Nenda polepole mwanzoni. Kuanzia nyuzi 900 hivi punguza hewa ili moto uwe na njaa kidogo, halafu endelea hadi 1,240.

5. Nyunyiza. Kwa tanuri la nusu mita ya ujazo nayeyusha kilo 1 ya magadi katika lita 5 za maji ya moto. Vaa barakoa ya kuzuia mvuke, miwani ya giza na glavu ndefu; maji haya yanaunguza ngozi. Nyunyiza kwenye njia ya moto, usilenge vyombo vyenyewe. Pumzika dakika kumi, rudia, huku ukipandisha joto kuelekea 1,280. Mimi humaliza kwa saa mbili hivi.

6. Chomoa pete. Koni za kupimia joto, vile vipande vinavyoinama joto likifika kiwango chake, usiziamini tena baada ya kuanza kunyunyiza, kwa kuwa magadi huzilainisha nazo zikainama kabla ya wakati. Mara ya pili nilizifuata, nikazima mapema, nikapata vyombo vya kijivu visivyo na mng'ao. Pete ndiyo shahidi. Inatoka nyekundu, unaitumbukiza majini, inalia *tssss*, kisha unapitisha ukucha. Ukikwaruza kama kwenye jiwe, bado. Ukiteleza juu ya vipele vidogo kama ganda la chungwa, inatosha.

7. Zima na usubiri. Ziba matundu yote na dohani. Usifungue mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 100, hata kama usiku mzima hukulala. Gonga vidonge, sugua vitako kwa jiwe la kunolea, ukivaa miwani kwa sababu vipande vya kioo huruka. Andika kila chombo kilisimama wapi na ulitumia magadi kiasi gani. Matofali nayo yamenywa sehemu yake na yatairudisha safari ijayo, hivyo tanuri jipya hudai magadi mengi, na kadiri unavyochoma utapunguza.