Kuhariri na kusoma prufu: mwongozo kwa waandishi wa Tanga wanaojichapishia vitabu

Anayemaliza kuandika kitabu Tanga leo hakosi njia ya kukichapa. Kompyuta ataipata, msanifu wa kurasa yupo, na faili linafika kiwandani Dar es Salaam kwa barua pepe kabla chai haijapoa. Kinachokosekana ni macho. Zamani mswada ulipita kwa mhariri, kwa mpanga herufi na kwa msoma prufu, yaani kurasa za majaribio zilizokwisha kupangwa, kabla haujaiona mashine. Sasa kazi zote tatu mara nyingi anazifanya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeandika. Mwandishi husoma alichokikusudia, si kilichopo kwenye karatasi, kwa hiyo neno lililoruka analijaza mwenyewe kichwani na kupita.

Kompyuta nayo hailindi Kiswahili kama inavyolinda Kiingereza. Kikagua tahajia, hata kikiwekwa kwenye Kiswahili, hakitakwambia kwamba umeandika "mahari" ulipotaka "mahali", "kura" ulipotaka "kula", au "samani" ulipotaka "thamani". Yote ni maneno halali. Kikiachwa kwenye Kiingereza ndiyo balaa zaidi: kila neno linapigwa mstari mwekundu, na jicho likishauzoea wekundu huo halishtuki tena penye kosa la kweli. Basi kabla ya jambo lolote, badilisha lugha ya faili iwe Kiswahili au zima ukaguzi kabisa, na uzime pia ule urekebishaji wa kujiendesha unaobadilisha neno bila kukuuliza. Kutoka hapo kinacholinda kitabu ni utaratibu wako.

Anza na makubwa

Weka mswada kando wiki mbili, ukiweza zaidi. Ukiurudia, usishike mkato wala nukta. Soma wote, na kwa kila sura andika sentensi moja: sura hii inamwambia msomaji nini? Sura isiyopata sentensi hiyo haijakomaa, na sura mbili zenye sentensi moja zinagombania nafasi. Hapa ndipo pa kukata, kuhamisha na kuongeza. Anayeanza kwa kusahihisha herufi hupoteza siku nzima kwenye aya ambazo kesho atazifuta, na vibaya zaidi, huona uchungu kuzifuta kwa sababu ameshazipamba.

Ukitosheka na mpangilio, mpe mtu mwingine. Si lazima awe msomi. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari anayesoma kwa makini anatosha, ilmradi umwambie unachotaka: aweke alama kila alipokwama, aliporudia sentensi, na alipotaka kuacha kusoma.

Lugha, sentensi kwa sentensi

Makosa mengi ya Kiswahili kilichochapwa yako kwenye viambishi. Kagua kirejeshi peke yake, sura hadi sura: "aliyekuja", si "aliekuja", "watu waliokuja", lakini "mambo yaliyotokea", "miti iliyoanguka", si "ilioanguka". Kisha kagua "amba-": "vitabu ambavyo", si "vitabu ambazo". Kosa hili huzaliwa sentensi inapokuwa ndefu na nomino imeachwa mbali nyuma, kwa hiyo ukilikuta, mara nyingi dawa ni kuikata sentensi nzima vipande viwili. "Ndio" na "ndiyo" nazo zinahitaji raundi yao: watu ndio, nyumba ndiyo, na kukubali ni ndiyo.

Halafu maneno yaliyotenganishwa au kuunganishwa pasipostahili. "Ninacho sema" na "nita kuja" ni neno moja kila moja. "Kwahiyo", "kwasababu" na "kwakuwa" ni mawili mawili. Makosa haya hayasikiki kwa sauti, kwa hiyo hata kusoma kwa kinywa hakutakusaidia. Yatafute kwa kompyuta, moja baada ya jingine.

Matamshi hupenya kwenye maandishi: h inayoongezwa au kudondoka, r na l, dh na z, gh na g. Kila mwandishi ana udhaifu wake. Ujue wako, uuandike juu ya karatasi, na uutafute kwa makusudi.

Lakini hapa pwani yetu ipo tahadhari. Lahaja si kosa. Kimtang'ata kina utajiri wake, na mhariri anayeyasafisha mazungumzo ya mzee wa Tongoni mpaka yafanane na taarifa ya habari ameuharibu mswada, hajausahihisha. Kanuni nzuri ni hii: masimulizi ya mwandishi yafuate Kiswahili sanifu, maneno ya mhusika yabaki kama anavyosema, na namna anavyosema isibadilike bila sababu kutoka ukurasa wa 12 hadi wa 90.

Orodha ya mtindo

Huu ni ukurasa mmoja au miwili unaoandika kila uamuzi uliofanya. Bila orodha hiyo mhariri huamua jambo moja mara kumi, na mara mbili kati ya hizo huamua tofauti. Kwa kitabu cha Tanga itakuwa na mambo kama haya: Raskazone au Ras Kazone, Wasambaa au Washambaa, na lugha yao vivyo hivyo, Mtang'ata kwa ng' lakini Ngamiani kwa ng, mswada au muswada, shilingi 15,000 au Sh 15,000, karne ya 19 kwa tarakimu au kwa maneno. Chagua kamusi sanifu moja na uandike ni ipi, maana kamusi zenyewe hazikubaliani katika kila neno. Orodha hii iende na mswada kila unakokwenda, hadi kwa msanifu wa kurasa.

Mashairi yana mizani yake, na mhariri naye ahesabu

Tanga ni nchi ya washairi, na diwani nyingi huharibiwa na mhariri mwenye nia njema. Chukua mshororo huu:

Pwani kumetanda wingu, wavuvi warudi kwao.

Upande wa kwanza una mizani, yaani silabi, nane: pwa-ni-ku-me-ta-nda-wi-ngu. Wa pili nane pia: wa-vu-vi-wa-ru-di-kwa-o. Mhariri asiyehesabu ataona "warudi" na kuandika "wanarudi", kwa kuwa ndivyo watu wanavyozungumza siku hizi. Mizani zimekuwa tisa, shairi limechechemea, na anayejaribu kuliimba atalijua kosa kabla ya anayelisoma kimya. Kumbuka kwamba m na n zinazosimama peke yake hubeba mizani: m-tu ni mbili, n-chi ni mbili. Kagua kila mshororo kwa vidole, kisha vina vya kati na vya mwisho, ubeti kwa ubeti. Neno lililofupishwa kwa ajili ya mizani lisirefushwe, na mkato wa katikati ya mshororo usihamishwe.

Taarifa zenyewe

Pigia mstari kila tarehe, jina, idadi na mahali, kisha thibitisha moja moja nje ya mswada. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kitabu kisiseme 1893 sura ya pili na 1892 sura ya tano, wala jina lisiandikwe kwa f moja hapa na mbili kule. Siku na tarehe zilinganishwe na kalenda. Ukiandika kwamba mapigano ya Tanga yalifikia kilele Jumapili, tarehe 4 Novemba 1914, kalenda itakusuta: siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Saa ndizo zinazopotosha zaidi mwandishi anapotumia kumbukumbu za Kiingereza au Kijerumani. Saa nane za usiku za Mzungu ni saa mbili usiku kwetu. Ukiihamisha tarakimu bila kuigeuza, umemtoa mtu kwenye chakula cha jioni ukampeleka saa nane usiku, watu wamelala fofofo.

Hatari ya kubadilisha kwa mkupuo

Programu ya kuandikia inaweza kutafuta neno na kulibadilisha kote kwa mbofyo mmoja. Tuseme umeona umeandika "awa" badala ya "hawa", ukaamuru vibadilishwe vyote. Mashine haijui neno linapoanzia. "Dawa" inakuwa "dhawa", "sawa" inakuwa "shawa", na "kawaida" inakuwa "khawaida", kitabu kizima. Weka alama kwenye kisanduku cha kutafuta neno zima tu, na hata hivyo pitia moja moja badala ya kubadilisha yote. Kabla ya kila badiliko kubwa hifadhi nakala yenye tarehe kwenye jina la faili. Jina kama "kitabu mwisho mwisho kabisa" halimsaidii mtu yeyote. Mafaili ya namna hiyo ndiyo yanayopelekwa kiwandani kwa makosa.

Prufu

Prufu ni kurasa zilizokwisha kupangwa, kama zitakavyoonekana kwenye kitabu. Hapa uhariri umekwisha. Kinachotafutwa ni kosa, si uzuri, na sababu yake ni ya kiwandani: kurasa huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, kwa kawaida kurasa 16 kwa mkunjo. Kitabu cha kurasa 128 ni mikunjo minane kamili. Ukiongeza aya ikasukuma maandishi hadi ukurasa wa 129, unalipia karatasi ambayo sehemu yake kubwa itabaki tupu. Ukilazimika kuongeza neno, punguza jingine katika aya ileile.

Chapa prufu kwenye karatasi. Kwenye kioo jicho linateleza. Soma kurasa zisizozidi 10 kwa saa, pumzika kila baada ya dakika 45, na usipite saa nne kwa siku. Kitabu cha kurasa 120 basi ni kazi ya siku tatu kamili. Weka karatasi nyeupe chini ya mstari unaousoma ili inayofuata isionekane.

Raundi ya kwanza ifanywe na watu wawili. Mmoja asome mswada kwa sauti, na nukta na mkato azitaje, mwingine afuate kwenye prufu. Aya iliyoruka wakati wa kupanga kurasa hugunduliwa hapa, si penginepo. Raundi ya pili soma peke yako. Raundi ya tatu usisome kabisa: tazama tu vichwa vya sura, namba za kurasa, maelezo ya picha, na kama yaliyomo yanalingana na kurasa zenyewe. Makosa makubwa ya herufi hupenda kukaa kwenye maandishi makubwa, kwa sababu kila mtu huyaamini.

Kila kosa liwekewe alama mara mbili, ndani ya mstari na pembeni ya ukurasa, maana msanifu hutazama pembeni. Wino mwekundu uwe wa makosa ya kupanga kurasa, wa buluu uwe wa mabadiliko yako mwenyewe. Hesabu ikija, itajulikana nani alipie nini.

Kisha ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Programu ikifuata kanuni za Kiingereza itakata "wat-oto" na "kwan-gu". Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo ni "wa-toto" na "kwa-ngu", na ng' haigawanywi kamwe: "Mta-ng'ata". Mwambie msanifu azime ukataji wa kujiendesha. Maneno yetu ni marefu, basi mistari iliyonyooshwa pande zote itaacha mapengo mapana. Penye pengo baya kateni kwa mkono kwenye silabi, au iachieni mistari iishie inapoishia upande wa kulia. Angalia pia alama ya ng' yenyewe: mswada ulioandikwa nusu kwenye simu na nusu kwenye kompyuta huwa na alama iliyonyooka hapa na iliyopinda kule. Amueni moja.

Prufu ya pili ikirudi, ilinganishe na ile uliyoitia alama, kosa kwa kosa, na usome pia mstari wa juu na wa chini yake. Mkono unaorekebisha kosa moja huweza kuzaa jingine hapohapo.

Jalada na ISBN

Nambari ya ISBN, ile ya kimataifa inayokitambulisha kitabu, huombwa kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13, na nyingi za kwetu huwa na 9976 au 9987 baada ya 978. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, nawe unaweza kuihakiki kwa kalamu. Zidisha tarakimu 12 za kwanza kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu, kisha jumlisha. Kwa nambari ya mfano 978-9987-00-000: 9 + 21 + 8 + 27 + 9 + 24 + 7, sifuri haziongezi kitu, jumla 105. Kumi inayofuata ni 110, tofauti ni 5, basi nambari kamili ni 978-9987-00-000-5. Isipotoka sawa, kuna tarakimu iliyokosewa au kubadilishana nafasi. Ifananishe ya ndani, ya nyuma ya jalada, na ile iliyo chini ya mistari ya kuskania.

Jina la kitabu lisome herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwenye jalada, kwenye uti wa kitabu na kwenye ukurasa wa jina. Upana wa uti hutegemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi. Kurasa zikibadilika, muulize mchapaji kipimo kipya kabla ya kuliidhinisha jalada. Rangi na picha zinazofika ukingoni zipite mstari wa kukatia kwa milimita 3, zisiache uzi mweupe.

Usitie saini ya idhini kwenye picha ya simu. Omba nakala moja iliyochapwa na kufungwa kikamilifu, ihesabu kurasa kwa mkono, ifungue katikati uone kama maandishi yamezama kwenye mshono, ndipo useme ichapwe. Shehena ikifika Tanga, fungua maboksi ya juu, ya kati na ya chini, ukague nakala kadhaa kila boksi kabla ya kuzigawa madukani, kwa kuwa mkunjo uliorudiwa au uliokosekana huathiri baadhi ya nakala tu. Nakala moja iandike "ya masahihisho", iwekwe mahali pake, na kila kosa ambalo msomaji atakuletea lipigwe wino humo siku hiyohiyo, pamoja na namba ya ukurasa na mstari, tayari kwa chapa ya pili.